Jiwe Lenye Nyuso Mbili: Ni Nani Aliyeitunza Historia ya Wayahudi wa Kaifeng?

Katika mji wa Kaifeng, mkoani Henan, kuna bamba la jiwe lililochongwa maandishi ya Kichina pande zote mbili. Upande mmoja ulichongwa mwaka 1489, nao unaeleza kwamba Wayahudi wa mji ule walifika katika enzi ya wafalme wa Song, wakamletea mfalme vitambaa vya pamba kutoka magharibi. Upande wa pili ulichongwa mwaka 1512, miaka 23 tu baadaye, nao unasema kwamba dini yao iliingia Uchina katika enzi ya Han, ambayo iliisha zaidi ya miaka mia saba kabla ya Song kuanza. Jiwe jingine, la mwaka 1663, linarudi nyuma zaidi na kuitaja enzi ya Zhou. Yeyote anayetaka kuijua historia ya watu hawa hukutana na fundo hilo mlangoni, kabla hajaingia ndani.

Wapo waliosoma tofauti hizo wakahitimisha kwamba mawe hayaaminiki, na wapo waliochagua tarehe iliyowapendeza wakayafumbia macho mengine. Njia zote mbili zinatupotezea jambo la maana. Mawe yale yalisimamishwa uani mwa sinagogi, mahali ambapo jirani Mchina, ofisa wa serikali na mtoto wa jamaa yenyewe wangepita na kuyasoma, na kila kizazi kilichochonga kilikuwa na haja yake. Historia ya Wayahudi wa Uchina imehifadhiwa mara nyingi, na mikono mingi, kwa sababu zisizofanana. Kwa hiyo mbele ya kila kitu kilichobaki inatupasa kuuliza nani alikitunza, alikitunza kwa ajili ya nani, na ni nini alichokiacha nje.

Tuanze na yale yenye ushahidi wa kutosha. Kaifeng, ambao zamani uliitwa Bianliang, ulikuwa mji mkuu wa enzi ya Song ya Kaskazini kuanzia mwaka 960 hadi 1127, na ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani wakati huo. Wafanyabiashara Wayahudi waliosema Kiajemi walikuwa wamekwisha kuzizoea njia za Asia ya Kati karne kadhaa kabla ya hapo. Barua ya biashara ya karne ya 8, inayozungumzia uuzaji wa kondoo, na iliyoandikwa Kiajemi kwa herufi za Kiebrania, ilipatikana katika magofu ya Dandan Uiliq kwenye jangwa la Taklamakan, na karatasi ya sala ya Kiebrania ilipatikana mwaka 1908 katika mapango ya Dunhuang. Vitabu vya sala vya Kaifeng vyenyewe vina maelekezo ya ibada kwa Kiajemi, na Torati yao iligawanywa katika mafungu 53 kwa desturi ya Wayahudi wa Uajemi, badala ya 54 yaliyozoeleka kwingineko. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana kuisikia lugha hiyo mbali na kwao, kwa kuwa sisi nasi tunasema bandari na nairuzi kila mwaka bila kukumbuka kwamba maneno hayo yalishushwa pwani yetu na biashara ya Waajemi. Kwa ushahidi huo, wataalamu wengi wanakubali kwamba jamaa ya Kaifeng ilianza katika enzi ya Song, ingawa wapo Wayahudi waliopita Uchina kabla yao bila kuacha jamaa ya kudumu.

Kwa mujibu wa jiwe la 1489, sinagogi la kwanza lilijengwa mwaka 1163. Jiwe hilohilo linanukuu maneno ya mfalme aliyewapokea: wamefika katika Uchina, waziheshimu na kuzitunza desturi za wazee wao, na wazirithishe hapo Bianliang. Hatuwezi kujua kama mfalme aliyatamka maneno hayo kama yalivyoandikwa. Linalojulikana ni kwamba, zaidi ya miaka mia tatu baadaye, jamaa ile iliona ni lazima ruhusa hiyo ichongwe juu ya jiwe mahali ambapo kila ofisa angeiona, na jambo hilo peke yake linatueleza mengi kuhusu maisha ya watu wachache katikati ya umma mkubwa.

Ukilisoma jiwe hilo kwa karibu, unaona jinsi walivyojieleza kwa majirani. Linasema kwamba Ibrahimu, mwanzilishi wa dini ya Israeli, alikuwa wa kizazi cha 19 kutoka kwa Pangu-Adamu. Pangu ni yule mtu wa kwanza katika simulizi za Wachina za kuumbwa kwa ulimwengu, na hapa amewekwa bega kwa bega na Adamu kana kwamba ni jina lake la pili. Msomaji mwepesi wa kulaumu angesema kwamba huko ni kuchanganya dini. Mimi naona kazi ya mfasiri mwangalifu, aliyejua kwamba jina la Adamu peke yake lisingemwambia kitu msomaji wa Kaifeng. Na kwa kuwa katika ustaarabu wa Kichina ukale ndio unaolipa jambo heshima, tunaweza pia kuelewa kwa nini asili yao ilisogezwa kutoka Song hadi Han na hadi Zhou: kila mara jamaa ilipojenga upya na kuhitaji kutambuliwa upya, ilijipa mizizi mirefu zaidi katika nchi ileile.

Sinagogi lenyewe lilikuwa na sura ya hekalu la Kichina, lenye nyua zilizofuatana, malango ya mbao na mapaa yaliyopinda, na waumini waliswali wakielekea magharibi, uliko Yerusalemu. Lilikuwa na ukumbi wa kuwakumbuka mababu, na vyetezo vya ubani kwa ajili ya Ibrahimu, Isaka, Yakobo na Musa. Sheria ya nchi ilitaka kila nyumba ya ibada iwe na kibao cha kumtakia mfalme maisha marefu, na jamaa ya Kaifeng ilikiweka kama ilivyotakiwa, lakini juu yake waliandika, kwa herufi za Kiebrania za dhahabu, aya ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja, ile inayoanza kwa kuita Israeli isikie. Ofisa aliyeingia aliona heshima kwa mfalme. Muumini aliyejua kusoma aliona ni nani aliye juu ya mfalme. Katika yote niliyowahi kusoma kuhusu jamaa hii, sijaona kitu kinachoeleza hali yao kwa ufupi na kwa uaminifu kuliko kibao hicho.

Majirani waliwaita kwa majina yao wenyewe. Kwa kuwa Waislamu wa Uchina waliitwa Huihui, na Wayahudi nao hawakula nguruwe, waliitwa Huihui wa kofia za buluu. Jina jingine lilikuwa Tiaojinjiao, yaani dini ya watoa mshipa, kwa sababu walipochinja waliuondoa mshipa wa paja, wakiifuata habari ya Yakobo aliyeteguka nyonga katika kitabu cha Mwanzo. Wenyewe katika maandishi yao walijiita Yicileye, namna ya Kichina ya kulitamka jina Israeli.

Adui wao mkubwa alikuwa maji. Mto Huang He hubeba udongo mwingi kiasi kwamba kitanda chake kimeinuka juu ya ardhi ya mji, na kingo zinapobomoka hakuna kinachosalia. Mafuriko ya mwaka 1461 yaliliangusha sinagogi na likajengwa tena. Mwaka 1642, waasi wa Li Zicheng walipokuwa wameuzingira mji, kingo zilibomolewa na watu wasiohesabika wakafa. Baada ya hapo ndipo tunaposhuhudia uhifadhi kwa maana yake halisi kabisa. Walionusurika walivuka mto wakayaopoa magombo ya Torati na vitabu kutoka majini, wakavianika, na vipande vilivyofaa vikaunganishwa kuwa gombo moja lililopewa jina la Musa. Kutokana na hilo yakanakiliwa magombo mengine 12, na ndugu wawili wa ukoo wa Zhao, Zhao Yingcheng na Zhao Yingdou, wakasimama mbele katika ujenzi mpya, ambao jiwe la 1663 linausimulia. Zhao Yingcheng alikuwa amefaulu mtihani wa juu kabisa wa utumishi wa serikali mwaka 1646. Bila cheo chake na ushawishi wake, ujenzi huo ungekuwa mgumu zaidi.

Hapo hapo, katika mtihani uleule uliowapa nguvu ya kujenga, ndimo lilimokuwa tatizo. Mwaka 1605, mtu wa Kaifeng aitwaye Ai Tian alifika Beijing kutafuta wadhifa, akasikia kwamba kuna wageni wa magharibi wanaomwabudu Mungu mmoja nao si Waislamu, akaamini kwamba amepata ndugu. Alikwenda kwa Matteo Ricci, mmisionari Mjesuiti, yaani wa shirika la watawa wa Kikatoliki. Katika kanisa dogo la wamisionari hao ilikuwamo picha ya Mariamu na mtoto Yesu pamoja na Yohana Mbatizaji, na Ai Tian alidhani ni Rebeka na wanawe Yakobo na Esau, akainama kuheshimu, huku Ricci naye akidhani amempata Mkristo wa kale wa Uchina. Walipoelewana vizuri, Ai Tian alieleza kwamba ndugu yake alijua Kiebrania lakini yeye mwenyewe, kwa kuwa ujana wake wote aliutumia kujifunza maandishi ya Kichina kwa ajili ya mitihani, hakujua kuisoma lugha hiyo. Baadaye Ricci alipomwandikia kiongozi wa sinagogi, jibu lililorudi lilimkaribisha yeye awe kiongozi wao, mradi aache kula nguruwe. Mtu anaweza kucheka, lakini ndani ya jibu hilo kuna upweke: walikuwa tayari kumpokea msomi yeyote wa magharibi aliyejua Maandiko, kwa sababu kwao wajuzi walikuwa wanapungua.

Ni muhimu kulisema hili waziwazi, kwa kuwa wengi hudhani kila jamaa ya Wayahudi iliyofifia ilifukuzwa au iliuawa. Wayahudi wa Kaifeng hawakuteswa kwa ajili ya dini yao. Vijana wao waliofaulu mitihani walipelekwa kufanya kazi mikoa ya mbali na kuoa huko, njia za nchi kavu zilizowaunganisha na Uajemi zilififia, na mwaka 1724 serikali ilipopiga marufuku Ukristo na kuwaondoa wamisionari mikoani, hata habari zao za kwenda nje zilikatika kwa zaidi ya miaka mia moja. Kiongozi wao wa mwisho aliyejua Kiebrania alifariki mwanzoni mwa karne ya 19 bila kuacha mrithi. Vitabu vilikuwapo lakini hakuna aliyeweza kuvisoma.

Katika hali hiyo ndipo ujumbe wa mwaka 1850 ulipofika. Shirika la kimisionari la London, lililokusudia kuwahubiria Wayahudi Ukristo, lilituma Wachina wawili Wakristo kutoka Shanghai, Qiu Tiansheng na Jiang Rongji. Walilikuta sinagogi limechakaa na watu wake ni maskini, na katika safari mbili walinunua vitabu vingi pamoja na magombo sita ya Torati, vitu vilivyokuwa vimeopolewa majini na kunakiliwa kwa mkono karne mbili kabla. Mwaka 1866 mmisionari Mmarekani W. A. P. Martin alipofika, alikuta jengo halipo tena, na mahali pake limesimama jiwe.

Je, ule ununuzi ulikuwa uokozi au upotevu? Nadhani lazima tukubali kwamba ulikuwa yote mawili kwa pamoja. Kama vitabu vingebaki Kaifeng, mafuriko, njaa na vita vya miaka iliyofuata huenda vingevimaliza. Lakini waliovinunua walikuwa na makusudio yao, na waliouza walikuwa na njaa. Gombo moja lilikabidhiwa makumbusho ya Uingereza mwaka 1852, na leo limo katika Maktaba ya Uingereza: vipande 94 vya ngozi nene ya kondoo, safu 239 za maandishi, vimeshonwa kwa uzi wa hariri mahali ambapo desturi ya Wayahudi wengine ni kushona kwa mishipa ya mnyama. Uzi huo wa hariri ni Uchina na Torati katika kitu kimoja. Magombo mengine na sehemu kubwa ya vitabu vimetawanyika kati ya Oxford, Cambridge, New York, Dallas na Cincinnati.

Cincinnati, katika chuo cha Hebrew Union College, ndiko kiliko kitabu ambacho kwangu kina thamani kuliko magombo yote. Ni kitabu cha kuwakumbuka marehemu, chenye majina ya wanaume zaidi ya 400 na wanawake zaidi ya 200, kwa Kiebrania na kwa Kichina, mpaka katika karne ya 17. Ukifuata majina ya wanawake unakutana na walioandikwa binti Adamu, ambao wataalamu wanawaelewa kuwa ni wanawake Wachina walioolewa ndani ya jamaa hiyo. Mawe yalichongwa ili yasomwe na watu wa nje, kwa hiyo yanawataja maofisa na wafadhili. Kitabu hiki kiliandikwa ili kisomwe na wenyewe, na humo ndimo akina mama walimotunzwa.

Mawe yaliishia mikononi mwa askofu William White wa misheni ya Kianglikana kutoka Kanada, aliyeyahamishia kwenye eneo la kanisa lake mjini Kaifeng mwaka 1912, na misheni ikainunua ardhi ya sinagogi muda mfupi baadaye. White alijaribu kuwakusanya wazao wa jamaa hiyo ili wairejeshe, bila kufanikiwa, na baadhi ya vitu vya sinagogi vimo katika makumbusho ya Royal Ontario mjini Toronto. Wachina nao waliandika. Mwanahistoria Chen Yuan alizichambua habari za mawe hayo miaka ya mwisho ya 1910, na mwanasosholojia Pan Guangdan aliandika utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambao ulichapishwa mwaka 1983 tu, yeye akiwa amekwisha kufariki. Tangu Uchina na Israeli zianzishe uhusiano wa kibalozi mwaka 1992, masomo ya Kiyahudi yamepata makao katika vyuo vikuu kadhaa, Nanjing kikiwa cha mbele.

Mtu anayeuona mji wa Shanghai leo anaweza kudhani kwamba fundo limekwisha kufunguka. Huko sinagogi la Ohel Moshe, lililojengwa mwaka 1927 katika mtaa wa Hongkou, limekarabatiwa na kuwa makumbusho ya wakimbizi wapatao 20,000 walioikimbia Ulaya ya Hitler, wakati ambapo Shanghai ilikuwa miongoni mwa bandari chache sana mtu angeweza kushuka bila viza. Mwaka 2014 ulizinduliwa ukuta wenye majina 13,732 ya wakimbizi hao. Ho Feng Shan, balozi mdogo wa Uchina mjini Vienna aliyewapa Wayahudi maelfu ya viza, ametambuliwa na Israeli mwaka 2000 miongoni mwa wenye haki wa mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Huko Harbin, ambako Wayahudi wa Urusi walifika na ujenzi wa reli mwaka 1898, masinagogi mawili yamekarabatiwa, moja likiwa na maonyesho na jingine ukumbi wa muziki, na makaburi zaidi ya 500 yametunzwa katika vilima vya Huangshan. Lakini makaburi ya Wayahudi wa Shanghai yaliondolewa miaka ya 1950 na 1960, na mawe yake yamekuwa yakipatikana vijijini, mengine yakitumika kufulia nguo, maandishi ya Kiebrania yakiwa yameangalia chini.

Kwa nini basi Shanghai ipewe makumbusho na Kaifeng ipewe ukimya? Jibu langu ni kwamba wale wa Shanghai na Harbin waliondoka. Wakimbizi wengi waliihama nchi ndani ya miaka michache baada ya vita, na kisa chao kinaweza kusimuliwa kuwa ni ukarimu wa Uchina kwa wageni, simulizi ambayo ina ukweli ndani yake na inaisaidia serikali mbele ya mataifa. Wazao wa Kaifeng hawakuondoka. Wao ni raia, wenye majina ya koo yaleyale, Zhao, Ai, Li, Gao, Shi, Jin na Zhang, na kuwatambua kungekuwa na matokeo ya kisheria, kwa kuwa nchi inatambua makabila 56, Wayahudi wakiwa si mojawapo, na dini tano, Uyahudi ukiwa si mojawapo. Zipo familia zilizowahi kuandikishwa kuwa Youtai, yaani Wayahudi, katika daftari za makazi, na katika miaka ya 1990 zikatakiwa kubadilisha. Hata Israeli haiwapokei bila utaratibu wa kuongoka, kwa sababu wao waliirithi asili yao kuumeni, kwa desturi ya Wachina, ilhali sheria ya marabi inaifuata kukeni.

Mwanzoni mwa muongo uliopita, wazao hao walikuwa wakikutana kujifunza Kiebrania na kula pamoja chakula cha Pasaka. Kuanzia mwaka 2015 mikutano hiyo ilizuiwa na mahali pa kujifunzia pakafungwa, na kwa mujibu wa taarifa za mwaka 2016 vibao vilivyoonyesha mahali pa sinagogi viling'olewa. Magombo yanaweza kupigwa picha na kuonekana na mtu yeyote mwenye intaneti, na mengi yamekwisha kupigwa. Kinachokwenda haraka ni yale yasiyo na ngozi wala wino: bibi anayekumbuka kwamba baba yake alikataza nguruwe bila kueleza sababu, au mzee aliyeambiwa utotoni kwamba yeye ni Youtai, asiulizwe zaidi. Kumbukumbu za namna hii zinapaswa kurekodiwa sasa, kwa ridhaa ya wenyewe na bila kuwahatarisha, na kuwekwa mahali ambapo watoto wao watazifikia kabla ya wageni.

Kwenye ardhi ya sinagogi ilijengwa hospitali, na kando yake unapita uchochoro mwembamba. Zamani uliitwa Tiaojin, uchochoro wa watoa mshipa, kwa lile jina la utani la majirani. Baadaye ukaitwa Jiaojing, uchochoro wa kufundisha Maandiko. Kwa sikio la Mchina majina hayo mawili yanakaribiana, na la pili ndilo linalotamkwa hadi leo na watu wanaopita hapo kwenda sokoni.